Shukrani ya Mapema

Jumapili ile Verlene Tolliver alisimama kanisani kushuhudia. Kwao Detroit, mwenye imani humshukuru Mungu kabla hajapokea, kana kwamba jambo limekwisha kuwa. "Namshukuru Bwana," alisema, "binti yangu Denita anasoma ng'ambo ya barabara." Kanisa zima likaitikia amina. Barabara hiyo ndiyo mpaka wa mji; ng'ambo ndiko wazungu walikohamia, na shule nzuri zikawa huko. Jaji wa Detroit alishaamuru mabasi yavuke mpaka, watoto weusi na wazungu wachanganywe shuleni. Kesi sasa ilikuwa Mahakama ya Juu, Washington.

Kesho yake akaenda kwa Dada Odell Gaines, aliyefundisha darasa dogo katika chumba cha chini cha kanisa, akaiacha nafasi ya Denita humo.

"Ngoja kidogo, mpenzi," Odell akamwambia. "Mahakama hazikimbii."

"Nikingoja, nitakuwa nimemshukuru Mungu kwa mdomo tu."

Alhamisi alikuwa akipiga pasi redio ilipotangaza. Majaji watano wamekataa mabasi yasivuke, wanne wamekubali. Wilaya za shule za ng'ambo hazikuthibitika kuwa na kosa la ubaguzi, basi zisibebeshwe mzigo wa Detroit. Basi lolote litaishia mpakani. Verlene akachomoa waya wa pasi, akavaa kofia yake, akatoka.

Jirani yake Roscoe alikuwa amekaa barazani.

"Mama Tolliver, ile shukrani hairudishwi?"

"Nyamaza, Roscoe."

"Nauliza tu. Wanasema tuchanganywe humu humu mjini. Mtaa mzima weusi, tuchanganywe na nani, na paka?" Akacheka peke yake, kisha akaangalia chini. "Pole, mama."

Odell alimfungulia mlango, akajua amefuata ile nafasi.

"Nimeshampa mjukuu wa Shemasi Battle."

"Hata kiti cha pembeni?"

"Watu wa zimamoto wamenionya, Dada Verlene. Nikiongeza mmoja, wanafunga. Ningefanyaje?"

"Hukukosa wewe."

Nyumbani Denita alikuwa mezani. "Mama, basi litanichukua hapa au kule kona?"

"Hakuna basi. Utarudi shule yako pale pale."

Pale pale ndipo walipogawana kitabu watatu watatu, na mwalimu wa hesabu aliondoka Krismasi, hakuletwa mwingine.

"Lakini ulisema tayari. Mbele ya watu wote."

"Nilisema."

"Mwakani je?"

Verlene aliitafuta ahadi moja ambayo angeweza kuisema bila kumdanganya mtoto. Hakuipata. Akamwambia akanawe mikono, maharage yameiva.