Aliyemsomea Baba Mabango

Mwalimu yule alikwenda mahakamani na hasira zake zimeiva. Baba yake, dereva wa lori tangu ujana, ameshtakiwa kwa kupita barabara iliyofungwa na kubomoa ukuta wa duka. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Upande wa mashtaka unadai mzee haoni mbali, mzee kakana katakata. Akikutwa na hatia, leseni hana, na bila lori yeye ni nani? Shahidi ni mwanawe wa pekee, asiyemsemesha miaka na miaka. Kisa? Mama alipofariki, mzee alimtupa shule ya bweni na asikanyage huko tena.

"Kabla ya bweni ulisafiri naye?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Kila mara."

"Mkiwa njiani, ulifanya nini?"

Jamani, kumbukumbu haina adabu! Ilimjia yote: joto la injini miguuni, harufu ya dizeli na maganda ya machungwa, redio inayokoroma, naye amekalia blanketi lililokunjwa ili aone nje. Baba anapigapiga usukani: "Haya, bosi, bango lile linasemaje?" Naye anasoma kwa sauti nene ya kujitia ukubwa: kona kali, daraja jembamba, punguza mwendo. Akimaliza anaruhusiwa kupiga honi, wanacheka mpaka mbavu ziwaume. Raha aliyowahi kuipata kwa baba yake ilikuwa hiyo tu. Leo, kizimbani, ndipo alipotambua kuwa haukuwa mchezo.

Akisema, anampokonya mzee lori. Akificha, kesho ukuta utakuwa mtoto wa mtu.

"Shahidi, jibu," alisema hakimu.

Alimtazama baba yake. Mzee kakonda, kola inampwaya shingoni. Hasira zote zikamwishia, akatamani aseme walikuwa wakiimba tu.

"Nilikuwa namsomea mabango," akasema, machozi yakimlengalenga. "Yote."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akaguna shangazi yake kwenye benchi la nyuma. Askari akamkata jicho.

Mzee akainuka bila kuitwa. "Mheshimiwa, mwanangu kasema kweli. Nilikuwa sioni hata bango moja. Nikaona nikiendelea naye, atazeekea kwenye lori akiwa macho yangu. Nikampeleka shule."

Hakimu akafuta leseni na kumwamuru mzee aujenge ukuta upya. Shangazi akalia kwa kwikwi, yeye na methali zake.

Nje, kwenye ngazi, baba na mwana walisimama hawajui mikono waiweke wapi.

"Shule sawa," mwalimu akasema. "Lakini hata kuja kuniona siku moja tu?"

"Ningekuja na lori."

"Si ungekuja tu, Baba! Ningepanda."

"Najua," mzee akasema. "Ndiyo maana sikuja."