Kipima Hewa Dirishani kwa Mama

Fundi hakuwa mwanamke wa kudanganywa na chombo. Kipima hewa alichokifunga mwenyewe juu ya dirisha la mama yake, jirani na kiwanda cha chokaa, kilituma ofisini habari za hewa safi, ilhali kila nguo iliyoanikwa mtaani ilivaa unga mweupe. Akabadilisha kihisio, lile jicho linalohesabu vumbi. Hewa ikabaki safi. Akabadilisha feni inayovuta hewa ndani. Bado safi! Mkuu wake akaanza kunung'unika: kama mambo ndiyo hayo, kiwanda hakina kosa, na kifaa kihamishiwe kwingine.

Ile feni ya zamani ndiyo iliyomtia shaka. Alipoikagua chini ya taa, kwenye meza yake ya kazi, aliikuta imetakata, haina hata chembe moja kwenye mapanga yake. Feni iliyokaa msimu mzima ikitazamana na tanuri la chokaa! Haikuwa imevuta hewa ya mtaa ule. Kuna mtu anakiziba kifaa, akajiambia, na akisikia nakuja anakizibua.

Na nani alijua anakuja? Kaka yake, mleta ngazi, nani mwingine. Kaka yake alifanya kazi kiwandani, kwenye tanuri lenyewe, na Fundi alimpigia simu kila mara kabla ya kufika. Yeye naye humwambia mama aweke chai. Sasa kila alichofanya kaka mtu kikawa na walakini. Mbona akishika ngazi kidogo tu anakimbilia nyuma ya nyumba, eti "nakunywa maji mara moja"? Mbona anarudi akijifuta mdomo, macho chini?

Siku moja uvumilivu ukamwisha, mama akisikia.

"Kaka, nani anachezea kifaa changu?"

"Mimi nitajuaje? Mimi mshika ngazi tu."

"Mshika ngazi, na kibaraka wa kiwanda."

Kaka akaiachia ngazi, dada mtu akiwa juu yake. Nusura adondoke. Tangu hapo hawakusalimiana.

Safari iliyofuata hakumpigia mtu. Aliazima ngazi kwa jirani, mchana kweupe, kaka akiwa zamu. Akapanda. Kifaa kilikuwa kimevaa kifuko cha kitambaa kizito, kilichokatwa kufuata kona zake, na kamba ya kufungia. Akageuza ukingo. Mshono ulikuwa wa kurudia, wenye fundo dogo mwishoni. Sare zake zote za shule zilikuwa na fundo lile.

Mama akatoa kichwa dirishani. Akisimama tu juu ya kiti, mkono wake ungekifikia kifaa kutoka ndani.

"Mbona hukupiga simu?"

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi. Kiwanda kikifungwa kaka yako atakula wapi? Mimi kikohozi changu nimeshakizoea. Yeye kifua chake kizima, ana maisha mbele."

Fundi alikasirika, na hapo hapo akaona aibu, maana alikuwa amemwonea kaka yake bure. Akakivua kifaa kile kifuko. Feni ikavuta, na namba kwenye kioo kidogo zikaanza kupanda. Akampigia kaka yake na kuweka sauti kubwa. Aliyemtukana mbele ya mama, amwombe radhi mbele ya mama.

"Unataka nini tena?" Nyuma yake tanuri lilikuwa likinguruma. "Nilishakwambia sijakigusa ki..."

Kikohozi kikamkata kauli. Kirefu, kikavu, cha kutoka chini kabisa, kikatulia kidogo, kikaanza upya.

"Ngoja," akasema akihema. "Ngoja ninywe maji mara moja."

Mama aliitazama simu mpaka ikanyamaza.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

Mama akakichukua kifuko mkononi mwa Fundi, akalitafuta lile fundo dogo, akalikata kwa meno na kuanza kukifumua.