Mchanga Uliotulia

Miaka kumi baada ya lava kuupasua mji wa Goma, akina mama walikuwa bado wanaanika maharagwe juu ya lava hiyo iliyoganda, kwa kuwa ilishika joto kuliko turubai. Ila ilimenyeka, na vipande vyake, sawasawa na haragwe kwa ukubwa, vilipita pamoja na maharagwe kwenye chekeche hadi gunia. Mwaka huo waasi walikuwa wameishika Rutshuru, na waliokimbia walijaa Kanyaruchinya. Huko kambini mtoto akavunjika jino kwa jiwe lililokuwa kwenye maharagwe. Mama Julienne, mkuu wa jiko, akamwambia Pascasie, wa chama kilicholiuzia jiko maharagwe: "Siku ya ine nitapima magunia yenu sita. Nikipata jiwe moja, chama yenu isilete tena."

Chama kilikuwa cha wanawake kumi na wawili, na hawakuwa na kazi nyingine. Kuosha maharagwe kungeyaozesha. Kuyachambua kwa mkono kungechukua wiki mbili.

Havugimana, mume wa Pascasie, alikuwa fundi wa mota. Alitoboa kitako cha bidoni, dumu la plastiki lililokatwa juu, akakifunika kwa kitambaa, akaijaza mchanga mweusi wa volkano, ule unaonasa kwenye sumaku. Akapuliza hewa toka chini kwa feni ya mfua chuma. Mchanga ukawa kama maji: alipomwaga maharagwe juu yake, haragwe lilielea, jiwe likazama. Lakini mapovu ya hewa yalipasuka na kuvuruga kila kitu.

"Papa Gisubizo, muchanga yako inatokota sawa bugali," Pascasie alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Jiwe inashuka, kisha inarudi kutusalimia."

Havugimana akaizungushia bidoni waya wa shaba, akauunga kwenye betri ya gari. Mapovu yakapungua. Akaona afadhali nguvu zaidi, akaongeza betri mbili. Mchanga ukaganda, mawe yakakaa juu pamoja na maharagwe. Pascasie alichomeka kidole, tundu likabaki.

"Sasa umepika mukati."

Havugimana aliinama juu ya bidoni. Alikaa akiutazama mchanga. Sumaku ya ule waya wenye umeme ilizifanya chembe za mchanga zishikane kama nyuzi, hewa ikapita katikati bila kujikusanya. Zikishikana mno, hakuna kinachoshuka. Alirudi kwenye betri moja, akaongeza mizunguko ya waya michache michache, akiandika kila mara. Siku ya tatu asubuhi uso wa mchanga ulitulia. Jiwe likazama polepole. Haragwe likabaki juu. Hadi jioni wanawake walikuwa wakiopoa maharagwe kwa kichungio, na sumaku ya spika ikiondoa mchanga uliobaki.

Siku ya nne kambini, Pascasie na mumewe wakitazama, Julienne alimimina maharagwe ya kila gunia kwenye sinia la bati, akatikisa, akategea sikio. Katika gunia la sita aliokota kitu cheusi.

"Na hii, mama?"

Pascasie alisogea kukitazama. Julienne akakipasua kwa kisu. Ndani kilikuwa cheupe.

"Haragi nyeusi," alisema, akacheka kidogo. "Pakueni. Wiki ijayo mulete kumi. Papa, mashini yako inaweza na mahindi?"

Havugimana alifikiri.

"Mahindi sijapima, mama. Nipe siku tatu."