Kurasa Saba za Kumwacha Baba

"Wewe ndiye mgeni wangu wa kudumu ambaye hajawahi kufika," mama wa nyumba ya wageni aliniambia kwenye simu. Alicheka, lakini kwa upole. "Mara ya kwanza uliahirisha kwa sababu ya kikohozi cha mzee. Mara ya pili kikohozi kilikuwa chako. Safari hii ni nini, mwanangu?"

Nikamwambia safari hii nakuja. Ijumaa kwa basi la saa nane mchana, kurudi Jumapili jioni.

"Basi nipe neno la mwisho Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Chumba cha juu, kile cha kutazama maji, kinaulizwa na wengi. Saa sita ikipita hujapiga simu, nakitoa, na sitakuwekea tena. Usinichukie."

Mji wenyewe ni mdogo, sijawahi kufika. Nilichokijua nilikipata kwenye picha na kwenye maelezo ya huyo mama. Bahari inaingia kwa mlango mwembamba, inazungukwa na ukanda wa mchanga, kisha inatulia kama maji ya kwenye karai, hata kila nyumba ya ukingoni unaiona mara mbili. Nilishapanga. Ijumaa jioni, kutembea ukingoni mpaka njia iishe. Jumamosi, kivuko cha asubuhi kwenda ng'ambo, kwenye mchanga. Kwa Jumapili asubuhi niliandika neno moja tu: hakuna. Hilo ndilo nililolitamani kuliko yote.

Naishi na baba ghorofa ya tatu, na kazi yangu iko chini kabisa ya jengo hilohilo, kwenye stoo ya duka la vipuri vya magari. Kati ya kitanda changu na kazi yangu kuna ngazi sitini na mbili. Hupanda na kushuka mara nne au tano kwa siku. Kuna wiki ambazo viatu vyangu havikanyagi barabara kabisa. Stoo ina wavu wa chuma na tundu dogo ambalo mafundi hupitisha mkono wakitaka beringi au mkanda wa feni. Kila kitu kina kijikaratasi chake. "Usimkalie sana huyu dada mbele," mafundi huambiana, "atakubandika lebo."

Baba alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita. Mguu wa kulia ulilegea, mkono ukafuata, na maneno yakaanza kutoka kama yaliyotafunwa. Akili haikuguswa. Watu walimwomba arudie mara tatu, mara nne, na yeye alikuwa amekaa miaka thelathini kwenye kiwanda cha uchapaji akisahihisha makosa ya wengine. Hakuvumilia. Akanyamaza. Nami nikajifunza kukisia anachotaka. Mwanzoni nilikuwa nikimtazama kichwa kuona kama anakubali au anakataa. Siku zikapita, nikaacha kutazama.

Kwa jambo la ghafla tulikubaliana agonge bomba la maji kwa kijiko. Bomba hilo linashuka ukutani mpaka stoo yangu. Mara moja, njoo ukipata nafasi. Mara tatu, njoo sasa hivi.

Mdogo wangu ni kinyozi. Anaongea sana na anachelewa sana, lakini alijitolea mwenyewe kukaa na baba. "Nenda, dada. Siku mbili tu. Kwani baba ni yai?"

Sikutaka kumwachia mambo hewani. Kwa wiki mbili, mafundi wakienda kula, nilibaki nyuma ya wavu nikiandika. Zilitoka kurasa saba, vipengele hamsini na vinne. Nilifurahi jinsi vilivyopangika.

Jumatano alasiri akaja kuzichukua. Baba alikuwa kwenye kiti chake, ameuelekea ukuta ninapomweka ili asipate upepo. Mdogo wangu akazipima zile karatasi mkononi.

"Bibi Orodha. Hiki ni kitabu."

"Soma tu. Ni rahisi."

Akasoma huku akizunguka chumbani. "'Kipengele cha nne. Mito miwili, wa bluu chini, mweupe juu, si kinyume.' Ikiwa kinyume?"

"Shingo inamuuma."

"Alikwambia?"

"Naona."

"'Cha tisa. Dirisha lisifunguliwe. Asikae karibu na dirisha.' Kwa joto hili, dada?"

"Vumbi la barabarani. Atakohoa."

"'Cha kumi na saba. Uji mzito bila sukari, saa nne na saa kumi.' Mh. Pole, mzee." Akapindua ukurasa, kisha akasimama ghafla katikati ya chumba. "'Cha ishirini na tatu. Ndevu. Asinyolewe kwa wembe, ngozi yake ni laini. Tumia mkasi, kutoka sikioni kuelekea kidevuni.' Dada. Umeniandikia mimi namna ya kunyoa?"

"Sikuwa na maana mbaya."

"Mimi! Nimenyoa mabwana harusi mia mbili. Nimemnyoa hakimu huku anakoroma, na hakuamka."

Nilicheka, na nadhani hata bega la baba lilitikisika. Lakini kadiri alivyosoma, mzaha ulimwishia. Kufika ukurasa wa tano alikuwa amekaa.

"'Akikohoa mara mbili mfululizo, mwinue. Akikohoa mara tatu, usimwinue, mlaze ubavu.'" Akaziweka karatasi mezani taratibu, kana kwamba zingevunjika. "Nikihesabu vibaya je?"

"Hutahesabu vibaya."

"Mimi nitahesabu vibaya, dada. Unanijua." Akajisugua uso. "Nilidhani nakuja kukaa na baba. Hii ni mashine, na mimi sina leseni yake. Nisamehe."

"Kwa hiyo nisiende."

"Sijasema usiende. Nimesema haya yote hakuna anayeyaweza isipokuwa wewe."

Nilikasirika. Lakini niseme lililo kweli: chini ya hasira kuna kitu kilitulia, kama komeo linapoingia mahali pake. Hakuna anayeyaweza isipokuwa mimi. Nilikuwa nimehangaika wiki mbili kutafuta njia ya kutoka, na kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimeandika kurasa saba za sababu za kubaki. Nililijua hilo hata pale niliposimama, na sikujua la kufanya.

Nikaenda roshani ya nyuma kuanua nguo, nikakawia makusudi. Niliporudi mdogo wangu alikuwa ameshaondoka. Nikamlisha baba, nikampanga mito, wa bluu chini. Kisha nikazitoa nguo zangu mkobani, moja moja, nikazirudisha kabatini.

Alhamisi stoo ilikuwa na kazi nyingi. Saa sita kasoro robo nikafunga tundu, nikakaa juu ya kasha la vichujio vya mafuta, nikatoa simu. Nilitaka kumwambia yule mama mwenyewe, nisimwache angoje bure. Nilikuwa nimeshaipata namba yake bomba lilipogongwa.

Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka mlango, na kwamba niliusukuma kwa bega, na kwamba kiti kilichoelekea ukuta kilikuwa kitupu.

Baba alikuwa mezani, kando ya bomba. Sijui alijikokotaje mpaka pale. Mbele yake zilikuwa zile kurasa saba, kando yake kopo la kalamu zake nyekundu. Kopo hilo nilikuwa nimelificha. Halafu nikakumbuka kwamba nilikuwa nimelieleza mwenyewe. Kipengele cha thelathini na moja: "Kopo la kalamu liko jikoni, rafu ya juu, nyuma ya sufuria kubwa. Asipewe. Mkono wa kulia hauandiki tena na hilo linamhuzunisha." Mdogo wangu alikuwa amelisoma hilo, na jana, nilipokuwa roshani, akaenda jikoni, akalishusha, akamwachia baba.

Kalamu ilikuwa mkono wa kushoto.

Nilikua nikibeba prufu za baba, kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, kutoka nyumbani kwenda kiwandani, kwa hiyo alama zake nilizijua kabla sijajua kusoma vizuri. Ya kufuta ni mstari unaopita juu ya maneno, kisha mwishoni unajikunja kama mkia wa kinyonga. Akishafuta na kubadili mawazo, huweka nukta chini ya maneno: acha yabaki.

Mito ilikuwa imefutwa. Redio ya sauti ya chini, imefutwa. Kulala saa mbili na nusu, imefutwa. Mistari ilitetemeka lakini haikukosea mahali. Kuna vipengele ambavyo aliviondoa vyote na bado, kabla ya kuviondoa, alikuwa amerekebisha koma. Kwenye kipengele cha kopo la kalamu, mkia ulizungushwa mara tatu. Kwenye kipengele cha tisa, cha dirisha, kalamu ilikuwa imetoboa karatasi.

Nikavuta stuli nikakaa.

"Uji nao?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Miaka mitatu, baba?"

Akakusanya mdomo. Nilimngoja, na nilipokuwa namngoja niliona kwamba ni muda mrefu sijamngoja. "M-baya," alisema.

"Mbaya sana?"

Akafunga macho kama mtu aliyeshibishwa udongo.

Nikapekua mpaka mwisho. Katika vipengele hamsini na vinne vilibaki vitano bila kuguswa: dawa tatu, kushikwa mkono bafuni, na bomba. Cha mwisho kabisa kilikuwa kimefutwa kisha kikawekewa nukta, nyingi, zimekaribiana. "Akionekana kunitafuta, mwambie narudi Jumapili jioni."

Baba akainyoosha kalamu, akaielekeza kwenye saa ya ukutani. Zilibaki dakika nne.

"Ni mgeni wako wa kudumu," nilisema simu ilipopokelewa.

"Haya. Leo anakohoa nani?"

"Hakuna."

Ijumaa mdogo wangu alikuja mapema, jambo ambalo sijui kama litatokea tena, na sanduku lake la vifaa. Nikampa nusu ukurasa niliounakili safi. Akausoma mara moja, akautia mfukoni. "Hii lugha naijua," alisema. Nikasimama mlangoni nikitafuta cha kuongeza. Kilikuja kimoja, kikaja kingine. Mdogo wangu akanipokea mkoba begani, akautoa nje, akauweka kwenye ngazi ya kwanza.

"Mkoba wako umeshaondoka, dada. Ufuate."

Nikashuka zote sitini na mbili. Nikapita tundu la stoo, nikavuka barabara, na nikafanya nilichojikataza: nikageuka kutazama juu.

Dirisha lilikuwa wazi kabisa, pazia limetoka nje linapepea. Baba alikuwa amekaa katikati yake, povu jeupe mashavuni, na nyuma yake mdogo wangu ameshika wembe. Lori lilipita. Vumbi likapanda ghorofa ya kwanza, ya pili. Nikaliona linamfikia baba. Akakohoa.

Akakohoa tena.

Nilikuwa nahesabu. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshashuka barabarani kurudi, na ningesema uongo nikisema niliuamuru.

Baba akaniona. Hakupunga mkono. Alimwashiria kinyozi asubiri, akainua mkono wa kushoto, kidole kimoja mbele, na hewani, polepole, akapiga mstari mrefu kutoka mlango wa jengo mpaka pale niliposimama mimi. Mwishoni akaukunja mkia wa kinyonga.

Mkono ulibaki juu, haukutetemeka sana, mpaka alipoona nimeunyanyua mkoba.