Mita Tisa za Shule ya Silanga

Mwaka wa 2009, kwenye kile kiangazi kilichomaliza ng'ombe, tajiri mmoja alizungushia shamba lake seng'enge upande wetu wa Isinya, akafunga njia ambayo mifugo ilipitia kwenda silanga, lile bwawa la maji ya mvua, kunywa maji. Ilikuwa Jumanne. Ng'ombe sitini na wanne walianguka kando ya ua ule, wakinusa maji wasiyoweza kuyafikia. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Shule niliacha darasa la saba, sheria nimejisomea kwa vitabu vya mitumba. Niliketi nikaandika barua ya kurasa mbili, wafugaji thelathini na mmoja wakaweka vidole gumba, na baada ya miezi minne ya kelele tajiri aling'oa nguzo zake. Hakuna ofisi iliyotujibu kwa maandishi. Hilo nalo sijasahau.

Nimelitaja kwanza ili mjue ni mtu wa aina gani aliyekuja baadaye kuchora ua wake mwenyewe.

Mke wangu Wanjira ni mwalimu mwenye cheti. Shule aliianza na watoto kumi na mmoja kwenye jumba la kanisa, halafu tukajenga kwa ploti yetu ya ekari mbili, ile tuliyouziwa na Mzee Kuntai, jirani yetu. Kufikia mwaka jana watoto walikuwa mia moja na arobaini. Lakini shule haikuwa na usajili, na shule isiyosajiliwa haiwezi kuingiza mtoto kwenye mtihani wa gredi ya sita. Wetu tuliwaandikisha shule nyingine mjini Kitengela. Walikuwa wanaenda kule asubuhi ya mtihani, wanapita vizuri, na majina yao yanabandikwa kwenye lango la watu. Miaka miwili nilipita lango hilo nikisoma majina ya watoto waliofundishwa na mke wangu. Mwaka jana waliofika gredi ya sita walikuwa kumi na tisa, na mmoja wao alikuwa Caro, kitinda mimba wetu. Niliapa hao hawataenda kwa wenyewe.

Basi nikaingia ofisini. Mtu wa afya alihesabu vyoo, akataka viwili zaidi vya wasichana. Nilichimba. Afisa wa elimu alitaka ua kuzunguka shule yote, bila pengo hata moja. Nilinunua nguzo. Watu wa mipango walisema ardhi yetu bado imeandikwa ni ya kilimo, kwa hivyo ni lazima ibadilishwe iwe ya elimu kabla ya mchoro wowote kupitishwa. Kila mmoja alitaka kwanza karatasi ya mwenzake, na kila karatasi niliirudisha na muhuri. Wanaume wenye digrii wamekata tamaa kwenye korido zile. Mimi nilikuwa nabeba chai yangu kwa chupa.

Iliyobaki ilikuwa ile ya ardhi. Sheria inataka utangaze gazetini na usimamishe kibao kwenye ploti, na mwenye pingamizi apewe siku kumi na nne. Kibao nilikichomelea mwenyewe, na sijaona kizuri kama kile hapa Kitengela.

Katika siku hizo Mzee Kuntai alikuja kwetu mara tatu. Alikuwa akinisalimu kwa Kimaasai, sopa, namjibu ipa, anakunywa chai, anatembea hadi kona ya chini ya ploti na kuviangalia vigingi nilivyopigilia mahali pa nguzo. Halafu anauliza habari za Caro na kwenda zake. Nilidhani anafurahia maendeleo.

Siku ya kumi na tatu pingamizi la Mzee Kuntai likaingia. Aliyelipeleka alikuwa Naipanoi, binti yake, karani kwa wakili mmoja. Tuliitwa Kajiado mjini kusikizwa. Nilienda na Wanjira, pamoja na Githongo, yule sarveya aliyetuchorea ramani, na nilikuwa nimelala na hasira usiku mzima. Jirani yangu. Mtu aliyekunywa chai yangu mara tatu.

Afisa wa mipango, mama mmoja mpole aliyeitwa Dinah, alivaa miwani akaanza kusoma pingamizi kwa sauti. Sentensi ya kwanza ilinipita. Ya pili ilinishika shingo. Ilisema kwamba mnyama hajui kusoma hati ya shamba, ila anajua njia ambayo mama yake alimpitisha, na anayefunga njia hiyo amefunga kisima bila kukigusa. Wanjira alinigeukia. Yeye ndiye aliyeipiga chapa barua hiyo mwaka wa 2009.

Ilikuwa barua yangu. Baba yake alikuwa mmoja wa wale walioweka vidole gumba, na nakala aliitunza. Naipanoi hakubadilisha hata koma. Alitoa jina la tajiri, akaweka langu.

Dinah akamuuliza mwenye pingamizi kama ana la kuongeza. Mzee Kuntai alisimama polepole, kofia mkononi, akanitazama mimi badala ya afisa.

"Mimi sikusoma, Baba Caro," akasema. "Nilikuja kwako mara tatu nikaona hujaona. Nikasema, huyu nitamwambia nini mimi? Wacha ajiambie mwenyewe."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa masikio yalikuwa moto. Kona ile ya chini ndipo ng'ombe wake hupitia kwenda silanga. Miaka yote ilikuwa wazi kwa sababu hatukuwa na ua, na siku niliyoambiwa nizungushe ua nilipiga rula nikazungusha.

Githongo alininong'oneza, "Mzee, hiyo njia haiko kwa ramani. Sema tu haiko."

Dinah mwenyewe alisema hivyo hivyo kwa lugha ya ofisi. Kama njia haimo kwenye ramani ya serikali, pingamizi halina msingi, na anaweza kutupa idhini siku hiyo hiyo. Majina ya mtihani yalikuwa yanafungwa baada ya wiki tatu. Tungewahi. Lakini nikisema njia ipo, mchoro unaanza upya, na slabu ya zege ya ofisi ya mwalimu mkuu, ambayo ilikuwa imekauka tayari pale kwenye kona, itabidi ivunjwe.

Nilimwangalia Wanjira. Hajawahi kunionea huruma, wala hakuanza siku hiyo.

"Barua ni nzuri," akasema. "Ama ilikuwa nzuri kwa ua wa wengine peke yake?"

Nikasimama. Nilimwambia Dinah kwamba kila neno la pingamizi ni kweli, kwamba nalijua kuliko aliyelileta, na kwamba njia ni ileile ya silanga, upana wake mita tisa, niliipima kwa miguu mwaka ule nikiwa na wafugaji thelathini na mmoja. Nikaongeza sharti langu. Njia ichorwe kwenye ramani mpya, iandikwe kwa maneno, na ipigwe muhuri.

"Hilo hujalazimishwa," Dinah akasema.

"Najua. Tuliliomba mwaka wa 2009 na hamkujibu."

Alitafuta mahali pa kutazama, akapata dirisha. Halafu akaandika.

Hatukuwahi. Caro na wenzake kumi na wanane walivaa sweta zetu za kijani wakaenda kufanya mtihani kwa wenyewe, na majina yao yakabandikwa kule. Caro hakusema nami siku mbili. Hapo sina la kujisifia. Slabu niliivunja kwa nyundo yangu, Mzee Kuntai akabeba mawe pamoja nami, akinitania kwamba hata yule tajiri alijenga kwa haraka vilevile.

Ramani ilitoka mwezi wa tisa. Pembeni mwa shule yetu imeandikwa: njia ya mifugo, mita tisa. Muhuri uko juu yake, mwekundu. Katika miaka yangu yote ya kelele hilo ndilo jibu la kwanza nililopewa kwa maandishi, na nililipata kwa kujishtaki. Cheti cha usajili kilifuata Januari.

Mwaka huu watoto wa gredi ya sita ni ishirini na watatu. Wiki jana Wanjira aliwaandikisha mtihani kwa kompyuta, mmoja mmoja, akiwa barazani kwa sababu ofisi bado hana. Jina la shule lilitokea juu ya orodha, Shule ya Silanga, nikamwomba asogee nilisome tena. Wakati huohuo ng'ombe wa Kuntai walikuwa wanapita nyuma ya ua, na vumbi lote likaja juu yetu. Wanjira alifunika kompyuta kwa leso yake, akaniambia kama nilitaka njia ningeiweka mbali na macho yake, kisha akauliza kama jina la mwanafunzi Kathini lina h moja au mbili.