Muhuri wa Dereva Kuwabara

Nilipomgongea Dereva Kuwabara muhuri, nilijiona nimefanya kazi safi kabisa. Napima akili za madereva wa treni hapa Okayama, Japani, wale waliopatwa na makubwa, nao huniita Mwalimu kwa heshima: njia moja ya kukabili shida ikigoma, mtu anatafuta nyingine, au anaganda palepale? Kuwabara alikuwa amemgonga mwanamke aliyejitupa relini. Bila muhuri wangu harudi kuendesha.

"Theluji imefunga reli," nilimwambia.

"Nawatangazia abiria, nasubiri amri."

"Redio imekufa."

"Natafuta simu ya kando ya reli."

"Haya, mlevi kakutapikia."

"Nabadili glavu, Mwalimu. Mke wangu hunifungia jozi ya ziada kwa heshima ya walevi."

Nikaangua kicheko. Alama zote! Huko nje mkuu wake, Bwana Shimazu, alikuwa akijikoholesha ili nifanye haraka. Hana madereva, na kesho asubuhi anamtaka huyu kazini. Nikagonga muhuri mwekundu, nikampa karatasi yake.

Kuwabara akainama, akavaa glavu nyeupe, akanyoosha kidole. "Kiti, mahali pake! Mlango, wazi!" Madereva wetu ndivyo walivyo, kila kitu lazima kionyeshwe kidole na kitajwe kwa sauti. Nikamsindikiza huku nikitabasamu.

Mwisho wa korido iliwaka taa ya mlango wa dharura. "Kijani! Njia nyeupe!" Akatembea. Katikati akasimama ghafla, mkono wa kushoto ukisukuma breki isiyokuwepo, kidole kikielekea sakafu tupu.

"Mwanamke! Koti jekundu!"

Mwanamke pale nilikuwa mimi tu, tena nyuma yake, na sweta langu la kijivu. Kuwabara akangoja kidogo. "Hayupo. Twende!"

"Usishtuke, Mwalimu," Shimazu akaninong'oneza. "Hata chooni hufanya hivyo. Anasimama, halafu anaendelea zake. Si ndiko kubadilika unakokupima?"

"Wewe una akili kweli? Ulijua, ukanyamaza?"

"Hukuuliza."

Nilitamani kumzaba kofi. Nikamfuata Kuwabara. "Kwa nini unamwita?"

Akaona haya, akaanza kuvua glavu. "Siku ile pia nilinyoosha kidole, Mwalimu. Nikaita kwa sauti kama tulivyofundishwa: njia nyeupe. Kumbe yupo."

Nilikuwa nimemuuliza habari za theluji, redio na walevi tu. Ya yule mwanamke sikuyagusa hata kidogo, maana kwetu kumchokonoa mtu kidonda ni kukosa adabu. Adabu yangu hiyo ndiyo iliyokuwa inampeleka relini kesho, na behewa zima la watoto wa shule nyuma yake.

"Nirudishie karatasi, Bwana Kuwabara."

"Na kesho je?" Shimazu akafoka. "Nani ataendesha?"

"Endesha wewe!"

Kuwabara alinikabidhi karatasi kwa mikono miwili, akainama mpaka nikaona kisogo chake.

"Asante, Mwalimu," alisema. "Hiyo kesho nilikuwa naiogopa mno."