Magamba ya Elina

Kwanza niseme ukweli: Elina hakuwa mchawi. Nilijua tangu mwanzo, nikanyamaza kama maji mtungini.

Alikuwa mjane wa shemeji yangu Lusubilo. Tuliishi ua mmoja hapa Mlowo, kila mmoja na banda lake la kuku wa mayai. Mama mkwe wetu, Enesi, kutwa Elina hivi, Elina vile! Mimi niliyezaa watano pale, uji wangu hauonji. Nilimchukia Elina.

Chakula cha kuku cha mabanda yote mawili nilikifuata mimi Tunduma, kwa Abdulswamad, mtu wa Tanga mwenye maneno mengi. Siku moja kwenye gunia la magamba ya baharini, yale yanayosagwa kuchanganywa na chakula cha kuku, nikaokota gamba ambalo halikusagika. Lilikuwa limegandwa na vijumba vyeupe, vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja na tundu juu.

"Hicho ni kidudu, mama," Abdulswamad akasema. "Kikiwa kichanga kinaogelea. Kikipata mwamba kinabandika kichwa, ndiyo basi, hakitoki mpaka kufa. Kinajijengea ukuta wa chokaa, kibao kwa kibao. Kikinenepa, kinaongeza ukuta."

"Hiyo chokaa kinaitoa wapi?"

"Kwenye maji. Bahari haiishiwi. Kuku wako ndiye maskini! Asipokula magamba haya, chokaa ya yai anaichomoa kwenye mifupa yake mwenyewe. Mwisho anataga yai laini na miguu inamfia."

Siku hiyo nikarudi na gunia moja la magamba badala ya mawili. Nikalificha nyuma ya mahindi, nikawa nawapa kuku wangu tu.

"Dada Jenista, magamba bado?" Elina akauliza.

"Bado, mdogo wangu. Gari halijafika."

Kila wiki aliuliza, kila wiki nikajibu hivyohivyo. Mayai yake yakaanza kutoka na ganda jepesi, kisha bila ganda kabisa, utando mtupu. Kuku wake mmoja akalala ubavu, akawa anajikokota kwa mbawa kufuata maji. Elina alimbeba kifuani akilia. Loo, nilifurahi! Kuku wangu mimi walikuwa wanataga mayai magumu kama kawaida.

Mama Enesi akashika yai moja lisilo na ganda, likatetemeka kiganjani. Akalitupa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Kwanza mwanangu, sasa kuku. Banda la mwenzako ni zima, linaloharibika ni lako tu! Ondoka kwangu."

Elina akapiga magoti vumbini. Akanigeukia mimi. "Dada, wewe ndiye unayetuletea chakula. Waambie. Sina pengine pa kwenda ila kwa baba, na baba akisikia neno uchawi hatanipokea. Sema chochote, dada."

"Mimi mambo ya kuku siyajui," nikasema.

Akaenda kwao Ndalambo na godoro moja. Kuku wake nikapewa mimi. Jioni ileile nikafungua lile gunia, nikawamwagia magamba. Waliyagombania mpaka wakapandiana migongoni.

Haikupita wiki mbili, mayai yakawa magumu. Mama Enesi akaligonga moja mezani, ko! Akapiga vigelegele. "Mmeona? Ametoka mchawi, mayai yamerudi!" Majirani wakaja kuyashika, wakatikisa vichwa. Nani angebisha? Ushahidi ulikuwa mikononi mwao.

Akaniagiza nipange treyi nzima, ipelekwe Ndalambo kwa mzee Anyosisye, baba yake Elina, ili ajue anaishi na nani. Nikayapanga mwenyewe, nikachagua makubwa, nikamkabidhi bodaboda na salamu za Mama Enesi: mchawi ametoka, mayai yamerudi.

Aliporudi nikamuuliza kama yalifika salama.

"Yote, mama. Hata moja halikupasuka. Mzee aligonga moja kwenye fremu ya mlango, akalisikiliza, kisha akaingia ndani, akatoa godoro la Elina nje."